Umepewa idara: kabla hujamwita mhadhiri ofisini

Siku ya kukabidhiwa ukuu wa idara utapewa funguo, mafaili na ratiba ya vikao. Namna ya kumwambia mhadhiri mwenzako kwamba darasa linamshinda, hiyo utajifunza kwa kuharibu.

Mimi niliharibu muhula wa kwanza tu. Nilisoma maoni ya wanafunzi kwenye kikao cha idara bila kutaja jina, nikadhani nimemsitiri mtu. Idara yenyewe watu tisa, na somo la takwimu mwalimu wake mmoja! Alinyamaza kikao kizima, kisha kwa miezi akawa ananijibu kwa barua, nakala kwa mkuu wa kitivo.

Tangu hapo sikumwita mtu kabla sijakaa darasani kwake. Omba ruhusa mapema, kaa nyuma, andika unachokiona. Fomu za tathmini hukufikia muhula umekwisha, wenye kero wameshaondoka. Na darasa la watu 300 likirudisha fomu 30, wastani wa 3.9 usikuleweshe. Soma maneno. Mmoja aliandika, "Anajua sana, ila anaongea na ubao." Nikaenda, nikakuta kipaza sauti kibovu. Kilikuwa kimeripotiwa ofisini kwangu mara mbili.

Kazi ngumu kuliko zote ni kumkosoa aliyekufundisha wewe. Usimwite, mfuate. Nilimwamkia profesa wangu, nikamuuliza anawaonaje wanafunzi wa siku hizi. Alilalamika karibu nusu saa: hawaulizi maswali. Ndipo nikamwambia nilikaa nyuma kipindi cha saa mbili, nikahesabu slaidi 74. "Sabini na nne? Mimi huyu?" Akacheka mpaka akavua miwani. Wiki iliyofuata alimwomba mhadhiri msaidizi wasaidiane kuzipunguza. Ningemwambia "unasoma slaidi", nadhani tungeishia kwenye shikamoo tu hadi anastaafu.

Kwa walio vyuo vya umma Tanzania: PEPMIS, mfumo wa kielektroniki wa kupima utendaji wa watumishi wa umma uliochukua nafasi ya ule wa zamani, OPRAS, ujaze kwa wakati, lakini mtu asikutane na alama zake humo kabla hujazungumza naye.

Si wote watacheka. Mmoja aliniambia wazi kwamba cheo kinapanda kwa machapisho, si kwa kufundisha. Sikuweza kumbishia, maana kwa sehemu kubwa alisema kweli. Nilimwomba jambo moja tu: arudishe majaribio yaliyosahihishwa kabla ya mtihani wa mwisho. Tukaliandika kwa mistari mitatu, nikamtumia jioni ileile. Nakala sikumpa mtu.