Vitundu na mistari kwenye mishumaa minene

Dada, vitundu vya ubavuni na ile mistari ya mviringo uliyoulizia mara nyingi hutokana na nta kumiminwa ikiwa imeshapoa, au kalibu (chombo cha kumiminia nta) kuwa baridi. Joto letu la Dar lisikudanganye: nyuzi 30 za chumbani bado ni baridi kwa nta. Kausha kalibu kabisa, ipashe moto kidogo, kisha mimina nta ya parafini ikiwa nyuzi 80 hadi 85, polepole, kalibu ikiwa imeinama ili nta iteleze ukutani. Gongagonga ubavu kwa kijiko mpaka viputo viache kupanda. Usiwashe feni. Juu ikishaganda kidogo, toboa kando ya utambi, ujazie nta bila kuvuka usawa wa kwanza. Ukivuka, nta hupenya pembeni, kati ya mshumaa na kalibu, na kuharibu uso wote.