Nyumba ya Uyole yenye hati ya jina la marehemu

Ndugu, unasema unataka kununua nyumba ya Uyole, Mbeya, hati ni ya jina la baba aliyefariki, anayeuza ni mtoto wake mkubwa, na ameshika muhtasari wa kikao cha ukoo wenye mhuri wa mtaa. Usitoe hata shilingi bado. Ukoo hupendekeza tu msimamizi wa mirathi, yaani anayesimamia mali za marehemu. Anayemteua ni mahakama. Mwombe muuzaji hati ya uteuzi (Mahakama ya Mwanzo huitoa kwa Fomu Na. 4), kisha chukua namba ya shauri uende mwenyewe masjala ya mahakama kuuliza kama uteuzi haujatenguliwa. Hapo ndipo wengi wanapoumia: karatasi ni halali, ila ndugu mwingine alishapinga na msimamizi akabadilishwa.

Mjane yupo? Basi asaini ridhaa mbele ya wakili, na warithi wengine wasaini pia. Ni kinga yako, maana kesi za namna hii huibuka ukiwa umeshahamia.

Kabla ya mkataba, omba upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati. Upekuzi huo utaonyesha kama kuna rehani ya benki au zuio la kuuza. Dai pia risiti za kodi ya pango la ardhi.

Hati hiyo iingie kwanza jina la msimamizi, ndipo ihamie kwako. Kodi ya ongezeko la mtaji, yaani ya faida ya kuuza mali, ni ya muuzaji; ushuru wa stempu, asilimia 1 ya thamani, kwa kawaida hulipa mnunuzi. Andikeni hilo kwenye mkataba. Malipo yapite benki, na sehemu kubwa ya bei ibaki haijalipwa mpaka uhamisho usajiliwe.