Mwingize mhusika kwanza, duka la saa litajengwa kumzunguka

Mkuu, acha kuchonga hizo ngazi. Hifadhi faili, toa mkono kwenye kipanya, soma kwanza.

Umesema unajenga duka la fundi saa kwenye Blender, programu ya kuchonga na kuhuisha katuni za 3D. Umemaliza kuta, mlango, kaunta, rafu na saa za ukutani, kila kifaa kwenye faili lake. Vipimo umekadiria kwa macho. Saa ya mkononi umeifanya kubwa "ili nione vizuri ninapochonga". Na mhusika atakuja mwishoni, akikataa kuenea "nitaskeli kila kitu kwa mkupuo", yaani utakuza au kupunguza vyote kwa pigo moja. Kisha ukauliza maswali manne: tekscha za mbao (picha za kuvika uso wa vitu), taa, ununue vifaa vya seti vilivyo tayari au uchonge mwenyewe, na RAM, kumbukumbu ya kompyuta, kiasi gani inatosha. Maswali yako hayana ubaya. Kilichonitoa kwenye kazi yangu nije kuandika ni hiyo ya kuskeli kwa mkupuo, maana niliwahi kuisema mimi, tena kwa kujiamini kuliko wewe.

Mimi nilijenga maktaba. Rafu mpaka darini, ngazi ya kuegemeza, meza, viti, mlango mzito wa mbao. Kila kimoja ukikifungua peke yake unatamani kukibusu. Siku ya kumwingiza mkutubi, mzee mfupi mwenye kichwa kikubwa na mikono mifupi, kitasa cha mlango kikawa juu ya paji la uso wake. Nikapunguza mlango. Kitasa kikashuka kifuani, safi kabisa, ila sasa kichwa hakipiti. Kikombe cha mezani kilitosha kumwogesha. Kiti kilikuwa sawa kwa meza, meza haikuwa sawa kwa mlango, na mlango haukuwa sawa kwa kiumbe yeyote anayejulikana.

Hapo ndipo mkupuo wako unapofia. Kuskeli kwa mkupuo kunasaidia pale tu vitu vyote vinapokuwa vimekosewa kwa uwiano uleule. Ukikadiria kwa macho, faili hili leo na lile kesho, kila kifaa kinakosewa kivyake. Hakuna namba moja ya kuzidishia. Utarudi kwenye faili moja baada ya jingine, na ukimaliza rafu utakuta vitabu vimegeuka madaftari.

Na sijafika kwenye ngazi, ambayo ndiyo iliyonila vibaya. Nilikuwa na mwenzangu wa kuhuisha wahusika, kijana mwenye subira kupita kiasi. Alishamhuisha mkutubi akipanda ngazi ileile niliyompa: mkono unashika kipago, mguu unafuata, uzito unahama, fremu 24 kwa kila sekunde, vidole vimepangwa kimoja kimoja. Vipago vilikuwa mbali mno, goti la mzee likawa linagusa kidevu, basi nikaipunguza ngazi bila hata kumuuliza. Tulipofungua shoti, mkutubi alikuwa anapanda hewa. Kila mshiko ulikuwa umebaki palepale, kipago kimehama. Kazi yake yote ikaenda na maji, akaanza upya. Alinijibu "sawa" tu, na mpaka leo hiyo "sawa" naisikia.

Utasema basi seti ibaki kama ilivyo, tumkuze mhusika. Au seti nzima ishuke, yeye asiguswe. Haya, jaribu uone vinavyogoma kufuata. Taa haijui kama umepunguza chumba. Ukikishusha chumba kuwa sehemu moja ya kumi na wati za balbu usiziguse, ukuta unapokea mwanga mara 100, kwa sababu mwanga hupungua kwa mraba wa umbali na wewe umeuleta ukuta karibu zaidi mara kumi. Seti yote inakuwa nyeupe pee. Kona ulizolainisha, ukiuvuta mlango upande mmoja bila kuithibitisha skeli (Ctrl+A, kisha Scale), zinavutika nao zinakuwa kama zimeyeyuka. Ukungu wa kamera, ule wa vitu vilivyo nje ya fokasi, nao unaangalia umbali: seti ikiwa ndogo mno, nyuma kunafifia kupita kiasi na duka lako litaonekana ni la kuchezea watoto.

Fizikia ndiyo inayochekesha. Programu inahesabu uniti moja kuwa mita moja, na mvutano wa dunia umewekwa 9.81. Kikombe kikianguka kutoka meza ya sentimita 75 kinagonga sakafu ndani ya fremu 9 hivi. Jenga meza hiyohiyo ikiwa kubwa mara kumi, kikombe kitatumia karibu fremu 30, zaidi ya sekunde nzima, kinateremka kwa madaha kama kinasubiri kupigiwa makofi. Mimi nilihangaika na uzito wa kikombe usiku kucha. Uzito ulikuwa hauna kosa lolote!

Sasa aliyeniingiza humo. Nilichukua kozi ya mtandaoni, tena ya kulipia. Mwalimu akasema, kwa sauti ile ya mtu asiyewahi kukosea, kwamba katuni ni ubunifu, vipimo ni mambo ya wasanifu majengo, "utaskeli mwishoni". Nikameza. Baadaye sana ndipo nikaenda kuangalia kazi zake. Picha mnato tupu! Vyumba vitupu vinavyomeremeta, jua linaingia dirishani, vumbi linaelea, na hakuna kiumbe hata mmoja anayefungua mlango. Kwenye picha mnato hata mimi ningesema vipimo havina maana, unasogeza kamera kidogo na kosa linajificha. Mtu anayefundisha seti za filamu bila kuwahi kumkalisha mhusika kitini arudishe hela za watu. Nimemaliza, presha inashuka.

Kwa hiyo: mhusika anaingia kabla ya ukuta wa kwanza. Usiniambie rigi, ile mifupa ya kumchezeshea, haijakamilika. Maboksi matatu yanatosha, kichwa, kiwiliwili na miguu, urefu na upana wake wa kweli, mikono ikiwa na urefu wake. Mweke katikati ya faili tupu. Mnyanyue mkono uone unaishia wapi, hapo ndipo rafu ya juu kabisa anayoitumia inapokaa. Goti lake linakupa urefu wa kiti, kiwiko kinakupa kaunta, na upana wa kichwa pamoja na mabega unakupa mlango. Fundi nguo hakati kitambaa kabla ya kumpima mvaaji, na wewe unaanzaje?

Vipimo vya nyumba za watu, yaani kiti sentimita 45, meza 75, mlango mita 2, vifahamu lakini usivinakili kichwakichwa. Ni vya binadamu wa kawaida. Fundi saa wako, kwa mchoro uliouweka, kichwa ni kama theluthi ya mwili mzima. Kwenye kiti cha 45 miguu itaning'inia. Labda unataka ining'inie, inapendeza kwa mzee kama huyo, ila iwe umeamua.

Ukishampima, jenga duka zima kwa maboksi ya kijivu, bila tekscha, bila kulainisha kona, na mpitishe: aingie, azunguke kaunta, akae, ashushe saa ukutani. Kinachogoma kibadilishe hapo, kusogeza boksi ni kazi ya dakika moja. Akipita pote ndipo uchonge.

Na hiyo saa ya mkononi, irudishe kwenye kipimo cha kiganja chake. Kama huioni, ichague ubonyeze nukta ya kwenye padi ya namba, kamera ya kazini inaisogelea yenyewe. Kama una shoti ya karibu kabisa ya magurudumu ya ndani, tengeneza saa ya pili kwa ajili ya shoti hiyo peke yake. Ya kwanza ibaki ndogo, isiyo na makuu.

Vifaa vya kununua: nunua, ila vingine vimetoka kwenye programu zinazohesabu kwa sentimita, na hapo unaweza kuletewa nyundo iliyozidi mara 100 au isiyoonekana kabisa. Inasimamishwa kando ya fundi kwanza kabla haijapewa kazi. RAM? Ukiacha kubandika tekscha ya pikseli 4096 kwa 4096 kwenye kila skrubu, ambayo moja tu isiyobanwa ni MB 64, tutaongea. Mbao na taa waje wengine wakujibu, mimi mkono umechoka.

Wewe niambie kitu kimoja tu: huyo fundi ana urefu gani? Mweke kando ya hiyo kaunta uliyomaliza, piga picha ya skrini, bandika hapa.