Sinki gani ifae kwa boti ya tanga ya futi 32?
Achana kabisa na sinki moja pana kama ya nyumbani, chukua mbili ndogo zenye kina, sentimita 20 au zaidi, maana boti ikilala upande maji ya sinki isiyo na kina yote yanamwagika na vyombo vinafuata. Ila mahali pa kuiweka ni muhimu kuliko hata saizi, iwe karibu na mstari wa katikati ya boti, ukiiweka pembeni siku upepo ukikulaza upande huo sinki inashuka chini ya usawa wa bahari na maji yanapanda kupitia paipu ya kutolea, hapo lazima ufunge valvu ya paipu hiyo, kwa hiyo valvu nayo ikae sehemu mkono unafika fasta, sio nyuma ya masufuria. Pampu weka za kukanyaga na mguu, moja ya maji ya tanki moja ya bahari, mikono yote inabaki huru, ile ya umeme inamaliza tanki haraka sana. Vyombo unaosha na maji ya bahari unasuuza na maji matamu ya tanki kidogo tu. Ukitia nanga ndani ya hori ya Mtwapa au Kilifi, pwani ya Kenya, karibu na boti zingine, hayo ya bahari usioshee, maana huwa yamechafuliwa.