Wasomaji Wauliza: Kuviringisha Tanga la Mbele

Barua za mwezi huu zimetoka kwa wakazi wa Nairobi ambao mashua zao ziko Naivasha, Kilifi na Mtwapa. Tumejibu tano.

Nina mashua ya futi 27 iliyo Kilifi. Tanga la mbele linashikwa na vibanio vya shaba kwenye waya, na kila tukitaka kulitua lazima mtu aende omo, mbele kabisa ya mashua. Wakati wa kusi mke wangu hataki hata kusikia. Nimeona mtandaoni majina manne ya mitambo ya kuviringisha tanga: Furlex, Profurl, Harken na CDI. Ninunue upi? — Msomaji, Lang'ata

Ndugu wa Lang'ata, weka majina kando kidogo. Kuna kuliviringisha tanga lote ili liondoke njiani, na kuna kuliviringisha kiasi ili mashua iendelee kwenda na kipande kilichobaki. Hizo ni kazi mbili tofauti. Ya pili inahitaji foili, yaani bomba la alumini lenye mfereji ambalo huvishwa waya wa mbele, ule unaoushika mlingoti, kutoka chini hadi juu, na ukingo wa tanga huteleza ndani ya mfereji huo. Ngoma, yaani kigurudumu cha chini chenye kamba, inapozungushwa, foili yote huzunguka na tanga huviringika sawasawa. Kwa mashua ya futi 27 inayotoka nje ya mlango wa Kilifi mwezi wa Juni, unahitaji hii.

Tofauti za hayo majina manne ni hizi. Furlex, ya Seldén ya Uswidi, huuzwa pamoja na waya mpya wa mbele, na beringi zake hutaka grisi. Profurl ya Ufaransa ina beringi zilizofungwa kabisa na grisi ndani, na juu ina kizuizi kinachoikataza henza, ile kamba ya kutwekea tanga, kujizungusha kwenye foili. Harken ya Marekani hutumia vigololi vya plastiki ngumu vilivyo wazi, havitaki grisi hata tone, vinataka maji baridi yasiyo na chumvi. CDI, nayo ya Marekani, haina foili ya alumini: ina ukanda wa plastiki unaopindika, henza yake imo ndani, na juu haina swiveli, yaani kiungo kinachozunguka. Ni rahisi kwa bei na kwa kufunga, lakini ukishatweka tanga huwezi kukaza ukingo wa mbele ukiwa safarini, na ukiviringisha nusu katika upepo mkali ule ukanda hujisokota, hivyo sehemu ya juu hubaki nyuma ya ile ya chini.

Unaiona mashua yako mara ngapi? Kama ni wikendi mbili kwa mwezi na hakuna anayeimwagia maji, chukua yenye beringi zilizofungwa. Kama una mlinzi mwaminifu mwenye mpira wa maji pale gatini, vigololi vya wazi vitadumu vizuri na hutatafuta grisi. Furlex tungeipendekeza hasa kama waya wako ni wa zamani, na mashua ya kununua mkononi mara nyingi huwa hivyo. Ukishavaa foili, waya hauonekani tena; waya uliokwisha kuchoka usiufiche. Mafundi wengi hubadilisha waya baada ya miaka kumi hivi hata kama unang'aa.

Kabla ya kuagiza, pima: kipenyo cha waya kwa kalipa, kipenyo cha pini ya juu na ya chini, urefu wa waya kutoka kitovu cha pini hadi kitovu cha pini, na urefu wa ukingo wa mbele wa tanga. Ili kuupima waya itabidi uushushe, na huo ndio wakati mlingoti huanguka. Chukua henza ya tanga la mbele na ile ya tanga kubwa, zilete zote omo, zifunge kwenye kishikio imara cha sitaha, si kwenye reli, kaza kwa winchi, kisha ndipo ulegeze waya wa nyuma na kutoa pini ya mbele.

Angalia pia kama kuna kiungo cha kuchezesha juu na chini ya waya, kile kinachouruhusu kuyumba pande zote. Foili na ngoma huongeza uzito na mtikisiko. Bila hivyo viungo nyuzi za waya hukatika moja moja pale zinapoingia kwenye kichwa chake. Pini iwe ya chuma cha pua cha 316 kutoka kwa muuzaji wa vyombo vya majini. Fundi wa Kamukunji atakutengenezea jiko na sanduku la bati utakalorithisha wajukuu, lakini pini iliyochongwa kutoka chuma kisichojulikana haifai kushikilia mlingoti.

Tanga lako halitupwi. Mshona matanga ataondoa vibanio, ashone ukanda wa mfereji (milimita 5 au 6, foili yako ndiyo inayoamua), ashone ukanda wa kukinga jua kwenye ukingo wa nyuma na wa chini, na kupunguza urefu kwa sababu ngoma hula nafasi chini na swiveli hula nafasi juu. Mpe vipimo baada ya mtambo kufungwa. Mwombe pia aweke sponji nyembamba kwenye ukingo wa mbele; itakula lile tumbo la tanga unapolipunguza. Hata ikiwepo, ukishaviringisha zaidi ya robo au theluthi hivi, tanga hugeuka gunia na mashua haibishi tena vizuri, yaani haiendi vyema dhidi ya upepo. Kusi ikizidi hapo, weka tanga dogo.

Usafirishaji usikutishe: foili huja kwa vipande vya mita mbili na kitu vya kuunganishwa, na vinakaa juu ya gari hadi Pwani. Ukichagua ule ukanda wa plastiki, huja umekunjwa duara. Unyooshe juani juu ya sakafu bapa hadi ulale wenyewe.

Mashua yangu ni ndogo, futi 16, iko Naivasha. Je, naweza kufunga ngoma tu bila hayo mabomba? — Dada wa Kileleshwa

Unaweza, dada, na ni afadhali. Ngoma ndogo chini, swiveli ndogo juu, na tanga lenye waya au kamba isiyovutika ndani ya ukingo wake wa mbele. Kamba ya kuzungushia ngoma ya milimita 4 au 5 yatosha. Lakini ujue hii ni ya kufungua lote au kufunga lote. Ukijaribu nusu, chini itaviringika na juu itabaki wazi ikipiga makofi.

Naivasha asubuhi ni kioo, na alasiri upepo huja bila hodi, kwa hiyo faida yako kubwa ni kulifunga tanga kwa sekunde chache ukiwa umekaa nyuma. Utaona mbele vizuri pia unapokaribia magugu, na kiboko hajui nani mwenye haki ya njia.

Mtambo wangu una miaka mitatu. Siku hizi ukifika katikati unagoma. Nikivuta kwa winchi unaenda kidogo halafu unarudi. Fundi anasema beringi zimekufa, ninunue mpya. — Mzee wa Karen

Mzee, shikamoo, na tafadhali winchi iache leo hii. Dalili hizi mara nyingi si za beringi. Ni henza iliyojizungusha kwenye foili huko juu.

Swiveli ina sehemu mbili. Ya chini inashika tanga na huzunguka pamoja na foili; ya juu inashikwa na henza na haitakiwi kuzunguka. Henza ikishuka sambamba na foili, hakuna kitu kinachoizuia sehemu ya juu, kwa hiyo msuguano mdogo tu unaibeba. Henza hujikunja mara moja, mara mbili, kisha inakaba kama kamba shingoni mwa mbuzi. Ukitia winchi hapo, unachosokota ni kilele cha foili na, mbaya zaidi, waya uliomo ndani. Nyuzi za waya zikifumuka, mlingoti hauna kinachoushika mbele.

Uhakiki ni wa dakika kumi. Subiri maji yatulie, ulifungue tanga lote, ulitue. Zungusha ngoma kwa mkono, kisha sehemu ya chini ya swiveli. Vikizunguka bila kukwaruza, beringi ni nzima na fundi wako akuombe radhi. Tweka tena, simama gatini ubavuni mwa mashua, na upige picha ya kilele cha mlingoti kwa simu ukiikuza. Tazama mambo mawili.

La kwanza ni pembe. Henza inatakiwa kuondoka kwenye swiveli ikielekea nyuma, mbali na foili, kwa nyuzi 8 hadi 10 hivi. Kwa kila sentimita 10 za henza, iwe imejitenga na mstari wa foili kwa sentimita moja na nusu. Ikiwa inashuka sambamba, fundi apande afunge kwenye mlingoti kipete cha kuielekeza, chini kidogo ya kapi ya juu inayopitisha henza. Asikishushe sana: henza ikivutwa nyuma kupita kiasi huikaza swiveli, nayo itagoma kwa sababu nyingine.

La pili ni urefu. Swiveli iwe karibu na kilele cha foili bila kutoka nje yake. Kama tanga lako ni fupi na swiveli imeishia nusu mita chini, basi una nusu mita ya henza inayotafuta cha kujizungusha. Dawa ni kipande cha waya au kamba ya Dyneema isiyovutika kati ya swiveli na pembe ya juu ya tanga, chenye urefu huohuo uliokosekana. Kila tanga liwe na kipande chake kilichoshonewa hapo hapo, ili asiyejua asikiache nyumbani.

Na henza usiikaze hadi ilie. Kaza tu hadi mikunjo ya mlalo kwenye ukingo wa mbele ipotee.

Kamba ya ngoma inajikaba ndani, hasa tukifungua tanga kwa haraka. Nimebadilisha kamba mara mbili. — Msomaji, South B

Kaka, tanga likifunguka ghafla, ngoma huzunguka kwa kasi na kuikusanya kamba ikiwa legelege. Zamu ya juu huzama chini ya zamu ya chini, na siku ya kufunga inakaba. Unapofungua, mtu mmoja avute demani, ile kamba ya kuvutia tanga nyuma, na mwingine aiachie kamba ya ngoma polepole, ikiwa na mvuto kidogo. Ukiwa peke yako, izungushe mara moja kwenye winchi au nguzo na uiachie iteleze.

Kisha tazama kapi ya kwanza nyuma ya ngoma. Kamba iingie ikiwa nyuzi 90 na waya wa mbele, katikati ya mdomo wa ngoma. Ikiingia kwa chini, zamu zote hurundikana chini.

Tatu, huenda kamba ni nyingi mno. Tanga lenye ukingo wa chini wa mita 4.5 huchukua zamu 20 hadi 25 kuviringika, pamoja na zamu tatu za demani juu yake. Kila zamu ya ngoma hula sentimita 30 hivi, basi ni karibu mita 8 ndani ya ngoma, na mita 7 nyingine kutoka omo hadi ulipokaa. Mita 18 zinatosha. Kama ngoma bado inajaa, toa utumbo wa kamba katika zile mita zinazokaa ndani ya ngoma tu, ubaki na ganda. Litalala bapa, na huku nyuma utakuwa na unene wa kushika mkononi.

Ukanda wa kukinga jua umeshonwa, lakini tukiviringisha unaingia ndani na kitambaa cheupe kinabaki nje. Tumshtaki mshonaji? — Msomaji, Ngong Road

Hapana. Mnaviringisha upande usio wake. Fungueni tanga lote, litueni, toeni kamba yote kwenye ngoma, kisha ijazeni upya kwa mzunguko wa kinyume; kamba sasa itatokea upande wa pili wa ngoma, hivyo huenda kapi za sitaha zikahitaji kuhama. Fanyeni kabla ya Jumamosi ijayo, maana kitambaa cha poliesta kilichoachwa wazi kwenye jua letu huanza kupasukia kwenye mishono.