Mimba ya wiki 31 tumbo linakaza, ni chango au uchungu?

Swali: Habari dada nesi, mimba yangu ya kwanza ina wiki 31, toka juzi tumbo linakua gumu kama jiwe alafu linaachia, na kiuno kinauma kama nakaribia kuingia period. Mama mkwe anasema ni chango, kanichemshia dawa. Nisubiri?

Jibu: Usisubiri mdogo wangu, nenda leo, na hiyo dawa iache maana kuna mizizi inakaza kizazi. Simlaumu mama, tumbo kukaza mara moja moja ni kawaida kabisa, ukinywa maji ukajilaza kwa ubavu linatulia. Uchungu wenyewe hautulii, unakuja kwa mpangilio. Weka mkono juu ya tumbo uangalie saa kwenye simu, toka linapoanza kukaza mpaka linapoanza tena, ikiwa ni kila dakika 10 au chini ya hapo hiyo sio chango. Ila hesabu ukiwa njiani!

Wengi wanasubiri maumivu makali ndo waamini, wakati huu uchungu wa mapema unaweza kuja kimya kimya tu, kiuno, nyonga nzito kama mtoto anasukuma chini, ute unakua wa majimaji au una damu damu. Maji yakitoka jaribu kuyabana kama mkojo, yakiendelea kuchuruzika huenda chupa imepasuka, vaa pedi nenda nayo waione, usiingize kidole wala kitu chochote ukeni. Damu ikitoka hapo hakuna cha kuhesabu.

Kwa nini nakukimbiza? Anayezaliwa kabla ya wiki 37 ni njiti, na kwa wiki 31 shida kubwa ni mapafu. Kuna sindano za kuyakomaza anachomwa mama, lakini zinataka kama siku moja mbili zifanye kazi vizuri, ndo maana daktari anaweza kukupa na dawa ya kutuliza uchungu kwanza. Ukifika mtoto anatoka tumeshachelewa. Kama unaweza pitiliza hospitali yenye wodi ya njiti, kumhamisha mtoto akiwa tumboni ni salama kuliko kumbeba ameshazaliwa.

Watakupima mkojo pia na malaria, maana yutiai, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, inaweza kuanzisha yote haya na wewe wala husikii kuungua ukikojoa.

Beba kadi ya kliniki, na pale mapokezi usikae foleni, waambie una wiki 31 na tumbo linakaza.