Kusimamia ujenzi wa nyumba yako: lini inafaa, lini usithubutu

Kama unajenga nyumba ya chini kwenye kiwanja tambarare chenye udongo mgumu, na unaweza kuwepo saiti siku za kumwaga zege, simamia mwenyewe. Ukiwa Muscat au Dubai unatuma pesa kwa simu, au unajenga ghorofa, au kiwanja kiko kwenye mfinyanzi mweusi unaopasuka kiangazi na kuvimba masika, usithubutu. Hapo tafuta mkandarasi aliyesajiliwa na CRB (Bodi ya Usajili wa Makandarasi ya Tanzania), ukague mkataba wake kipengele kwa kipengele.

Ukiamua kusimamia, anza na kibali cha halmashauri na ramani yenye mchoro wa nondo. Kisha mlipe mhandisi aje mara tatu tu: mtaro wa msingi ukishachimbwa, nondo za jamvi (sakafu ya zege) na mikanda (mihimili ya zege inayozunguka kuta) zikishasukwa, na kenchi za paa zikishasimama. Fundi mzuri anajua kujenga, lakini udongo laini ukifunikwa na zege hakuna atakayeuona tena mpaka ukuta upasuke.

Vifaa nunua mwenyewe, fundi mlipe ufundi. Ndipo pesa nyingi inapookolewa, na ndipo inapoibwa. Nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 inapaswa kuwa na uzito wa kilo 10.6 hivi, ya milimita 10, kilo 7.4. Weka moja kwenye mzani hapo hapo dukani. Ikisoma kilo 9, umeuziwa milimita 11 kwa bei ya 12, na duka lijalo litakuwa lingine. Mchanga usinunue kwa neno "tripu": pima bodi la tipa. Lenye urefu wa mita 4, upana 2.2 na kina 0.8 hubeba mita za ujazo 7, likijaa sawasawa. Chukua mchanga kidogo, utie kwenye chupa ya maji yenye chumvi, tikisa, uiache saa chache. Tope likitanda juu kwa unene unaokaribia sehemu ya kumi ya mchanga, rudisha lori.

Siku ya zege ndiyo siku yako. Mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 ni kama lita 35, hivyo zege la 1:2:4 (saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne) linataka ndoo tatu na nusu za mchanga na ndoo saba za kokoto, ndoo za lita 20. Maji ni lita 25 mpaka 28, na mchanga ukiwa umelowa yapunguze. Vibarua wataongeza maji kwa sababu zege jepesi linasukumika vizuri na toroli linakwenda haraka. Maji hayo ya ziada yakikauka huacha vitundu, na nguvu ya zege inashuka. Kaa karibu na ndoo ya maji, siyo kwenye kivuli. Nondo ziinuliwe kwa vipande vidogo vya zege, zisilale chini, la sivyo zitapata kutu na kulipasua zege kutoka ndani.

Hesabu mapema ili kazi isikatike katikati. Jamvi la mita 12 kwa 10, unene wa sentimita 10, ni mita za ujazo 12: mifuko 76, mchanga mita za ujazo 5.3, kokoto 10.6. Nunua mifuko 80, uipange juu ya mbao, mbali na ukuta na unyevu. Saruji ikiisha saa tisa alasiri, fundi atasimama popote alipofika, na mpaka huo wa zege la jana na la leo ndipo maji yatakapopenya.

Baada ya hapo mwagilia asubuhi na jioni kwa siku 7, ufunike kwa magunia yaliyolowa. Mirunda chini ya linta (boriti ya zege juu ya milango na madirisha) isitolewe kabla ya siku 14, hata fundi akisema anaihitaji saiti nyingine. Mabomba ya maji na ya umeme yapitishwe ukutani kabla ya lipu. Kuchimba ukuta uliokwisha kupigwa lipu ni gharama mara mbili, na kiraka huonekana daima.

Malipo yagawe kwa hatua: msingi, jamvi, boma mpaka linta, mkanda wa juu, kuezeka. Fundi wa kulipwa kwa siku hurefusha kazi, wa mkataba huikimbiza. Huyu wa mkataba ni nafuu, ila siku ya zege usiondoke mpaka toroli la mwisho. Andikeni mkataba mbele ya mjumbe wa mtaa, na asilimia 10 ya kila hatua ibaki mkononi mwako mpaka hatua inayofuata iwe imekaguliwa.